Tiketi Zisizidi Elfu Mbili

Mimi ni Asanasio, mwana wa Yosia Muhindo, mwana wa Kamabu, watu wa Kyondo. Kamabu, babu yangu, ndiye aliyeibeba mgongoni kengele ya kanisa la kwanza la mlima wetu, akapanda nayo siku mbili kutoka bondeni, na alipofika juu hakudai chumvi wala kitambaa. Yosia, baba yangu, alikuwa karani wa gombolola, yaani tarafa yetu, kwa miaka ishirini na mitatu, na katika miaka hiyo yote kuku wa rushwa hakuwahi kulia uani kwetu. Mimi mwenyewe nilifundisha katika shule za msingi miaka thelathini na minane, tisa ya mwisho nikiwa mwalimu mkuu. Watu wa Bwera, mji wa bondeni, waliokuwa wanafunzi wangu, hata wale wenye mvi, hunivulia kofia njiani. Nayataja haya mwanzoni ili msomaji ajue ni jina gani lililokuwa mezani siku ile ya droo, na kwa nini sikuweza kulitia uchafu hata kwa ajili ya damu yangu.

Kwetu mlimani mgonjwa hushushwa kwa machela. Barabara ya udongo ilifika hadi kanisani miaka minne iliyopita, lakini hakuna gari linalolala huku. Dereva wa Bwera hupanda akipenda, na mtu asiyeweza kukaa habebeki kwa boda boda. Basi tuna miti miwili ya mkalitusi na turubai lililoshonwa katikati. Wanaume wanne huweka mabega, wengine wanane hufuata nyuma wakingoja zamu, na kwa saa tatu mgonjwa hufika hospitali. Filimbi ikipulizwa, kila nyumba iliyomo katika orodha ya chama chetu cha machela hutoa mwanamume mmoja. Nyumba isiyotoa hutozwa faini, na ikikosa filimbi tatu hufutwa.

Kanuni hizo niliziandika mimi kwa mkono wangu, katika daftari la miraba, mwaka niliostaafu. Ya nne inasema: Nyumba iliyofutwa haitabebewa mgonjwa wake hadi kikao kikuu cha Jumapili kiirudishe. Ya tano nitaitaja mahali pake.

Nilitaka kanuni zenye meno, na meno hayo yalimwuma kwanza Kosmasi, jirani yangu wa upande wa chini, aliyekuwa mlevi. Alikosa filimbi tatu, tukamfuta. Mwezi haukupita mama yake, Edisa, akateleza shambani akivuna kahawa, akavunjika nyonga. Kosmasi alikuja akapiga magoti mlangoni kwangu. Ilikuwa Jumatano. Nikamwambia kikao ni Jumapili. Edisa alilala siku nne akipiga kelele ambazo zilisikika hadi kanisani, na alipobebwa siku ya tano daktari alisema amechelewa, mfupa hautaunga tena sawasawa. Tangu hapo anatembea kwa fimbo mbili, amejikunja kama mtu anayetafuta sindano chini. Mimi niliona haki imetendeka. Kosmasi hakukosa filimbi tena, wala pombe hakuigusa.

Mjukuu wangu Bright nilimlea mwenyewe tangu baba yake alipozikwa. Alimwoa Mackline, binti wa watu wa Maliba, mwembamba, mpole, mwenye kazi. Mimba yao ya kwanza ilifika siku zake wakati wa jua kali. Tulimweka katika machela, na kwenye kona ya pili, penye jiwe kubwa jeupe, mtoto alitoka akiwa amekufa. Mkunga wa hospitali alimwambia Bright mbele yangu: nyonga za huyu ni finyu, mtoto mwingine atatolewa kwa kisu, na asisubiriwe uchungu nyumbani, akichelewa tena, atakufa yeye.

Hapo ndipo Bright alipoleta wazo la bahati nasibu. Tuuze tiketi, zawadi iwe mtamba wa maziwa, na makusanyo yanunue pikapu iliyotumika, gari la wagonjwa wa mlima mzima. Kamati ikawa watu watatu: mimi mwenyekiti, Bright katibu, na Tsongo, mkuu wa wabebaji, mwanamume mwenye mabega kama mlango na mdomo usiojua kunyamaza.

Kibali cha bodi ya bahati nasibu kilitoka Kampala baada ya miezi mitatu, karatasi moja yenye muhuri. Nilikisoma mbele ya wanachama mara tatu, polepole, kama nilivyokuwa nikisoma masharti ya mtihani. Tiketi zisizidi elfu mbili. Ziuzwe ndani ya wilaya ya Kasese peke yake. Shughuli ya hisani ipate droo moja tu kwa mwaka. Kipengele kimoja kikivunjwa, makusanyo yote yazuiwe na zawadi ishikwe.

Tsongo akaangua kicheko. "Kumbe serikali inapimia watu hata huruma! Kilo mbili tu, basi, rudi nyumbani."

"Inapima kwa sababu wezi wameuza tiketi za wagonjwa wasiokuwapo," nikamjibu. "Mwaka juzi ulinunua moja pale Bwera, ya mtoto mwenye uvimbe. Mtoto huyo umewahi kumwona?"

"Mutoto sijamwona, Mwalimu. Lakini uvimbe nilionyeshwa kwa picha. Ilikuwa uvimbe muzuri sana."

Watu wakacheka, na mimi nikaiweka karatasi ile katika mfuko wa ndani wa koti langu, ambamo huweka pia kadi yangu ya ubatizo.

Tiketi elfu mbili ziliisha kwa wiki sita. Lakini mwenye pikapu kule Kasese mjini alikuwa amepandisha bei, na tulipungukiwa. Mackline alikuwa na mimba ya miezi minne. Bright alinikuta sebuleni nikinywa chai.

"Babu, tuchape nyingine elfu moja. Watu bado wanaziulizia."

"Kibali kinasemaje?"

"Nimewaandikia, Babu. Wamejibu tungoje mwakani."

"Basi mwakani."

"Mackline atajifungua mwezi wa kumi. Mwakani mtoto atakuwa amezaliwa au amezikwa."

"Mimba ya mke wako haimo katika kibali," nikasema. "Wala usiniletee kaburi mezani. Toka."

Akatoka. Mackline alikuwa kizingitini akimenya ndizi, na kila neno lilikuwa limemfikia. Aliingia akakitazama kikombe changu. "Babu, chai imepoa. Nikuletee nyingine?"

Baada ya majuma mawili niliambiwa kwamba pengo limezibwa na wajomba wa ng'ambo. Nilifurahi, wala sikuuliza wameliziba vipi. Mtu aliyekagua daftari za watoto miaka thelathini na minane hakuuliza swali moja kwa sababu jibu lilikuwa tamu. Hilo nalitaja kama kosa langu la kwanza.

Ukweli ni kwamba Bright alikuwa amekwenda Kasese kwa yule yule mchapishaji, akachapa tiketi elfu moja zaidi, kuanzia namba elfu mbili na moja, akazipeleka soko la Mpondwe siku za Jumanne na Ijumaa, akawauzia watu wa Kasindi, upande wa Kongo, wanaovuka mto Lhubiriha na vikapu vyao. Mgeni angeuliza ni ujinga gani huo. Lakini kwa mtu wa kwetu mto ule haujawahi kuwa mpaka. Mjomba yuko upande ule na shamba lake liko upande huu. Mahari huvuka, maharusi huvuka, maiti huvuka. Bright hakujiona anauza tiketi katika nchi ya kigeni. Alijiona yuko kwa mama zake wadogo. Tsongo alijua, na wabebaji wote walijua. Aliyefichwa nilikuwa mimi peke yangu.

Droo ilifanyika Jumamosi moja ya mwezi wa sita, katika uwanja wa Bwera. Mtamba alifungwa kwenye mti, amevishwa utepe mwekundu shingoni, na watoto walikuwa wakimlisha majani. Polisi walituletea afisa wa kusimamia, Afande Aber, mwanamke mrefu kutoka kaskazini, aliyekuwa akiishi kambini na watu wake. Alikunja mkono wa shati, akauingiza katika pipa la plastiki, akakoroga kama anayesonga ugali, akatoa kijikaratasi.

"Nyamaza wote! Namba nasoma mara moja! Mbili, sita, moja, nne!"

Mwanamke mmoja alipiga yowe nyuma ya umati, akaja mbio, kitenge kikimfunguka, amenyanyua tiketi juu.

"Ni miye! Ni miye Wivine wa Kasindi! Bwana asifiwe! Ng'ombe iko yangu!"

Alimkumbatia mtamba shingoni, akacheza kumzunguka, na uwanja mzima ukapiga makofi. Mimi sikupiga. Mbili, sita, moja, nne. Nilikuwa na kibali kifuani. Nilimgeukia Bright, aliyekuwa amesimama karibu na mkeka alioketi Mackline, nikaona midomo yake ikisema bila sauti: Babu, kaa. Babu, tafadhali, kaa.

Tsongo aliniinamia sikioni. "Mwalimu, piga makofi tu. Hapa hakuna mutu anajua. Kesho kutwa tunaleta gari."

Nilimfikiria Kamabu na kengele yake. Nilimfikiria Yosia. Niliwafikiria pia wale watu wote waliowahi kununua uvimbe wa kwenye picha. Kisha nikasimama.

"Afande," nikasema, "tiketi hiyo haimo katika sheria."

Aber alinitazama kama mtu aliyekatizwa chakula. "Mzee, unasema nini? Iko bandia?"

"Si bandia. Ni ya ziada. Kibali ni tiketi elfu mbili, na hiki hapa."

Alikisoma huku kidole chake kikifuata mistari. Nilimsikia mtamba akitafuna.

"Nani amechapa hizi zingine?"

Nilinyoosha fimbo yangu. "Mjukuu wangu. Yule mwenye shati la kijani."

"Wewe! Shati ya kijani! Kuja hapa! Kaa chini! Vua mkanda! Vua viatu!"

Bright alikaa chini kwenye vumbi, akavua viatu, akavipanga vizuri pembeni kama nilivyomfundisha alipokuwa mdogo. Mackline hakulia. Aliviokota viatu vile akaviweka katika mfuko wake.

Wivine alikuwa bado ameshika kamba ya ng'ombe. "Na pesa yangu? Siku ile aliikamata, haikukuwa ya Kongo? Mama yangu alizaliwa Kyondo! Mumuulize huyu muzee, anajua nyumba yetu!"

Ni kweli, niliijua. Mama yake na marehemu mke wangu walikuwa watoto wa ndugu wawili. Nikasema, "Namjua. Hata hivyo namba yake haimo."

Uwanja uliokuwa ukimpigia makofi ukamgeukia. Wengine walikuwa wamepoteza gari, wengine walikuwa wamekosa tu zawadi, na wote walihitaji mtu wa kumcheka. "Rudi kwenu na ng'ombe ya karatasi!" wakampigia kelele. "Kamua hiyo tiketi, mama! Toa maziwa!" Alisimama katikati yao akifunga upya kitenge chake. Kisha alikuja hadi mezani, nilipokuwa nimeketi tena, akaiweka tiketi juu ya goti langu.

"Ukae nayo, muzee," akasema. "Utailalia."

Makusanyo yote yalizuiwa. Mtamba alichukuliwa kama kielelezo cha kesi, akafungwa nyuma ya kambi ya polisi, ambapo hapakuwa na mtu aliyepewa kazi ya kumlisha. Watoto wa askari walimtupia maganda ya ndizi walipokumbuka. Mwezi wa nane alikufa, na kifo chake kikaandikiwa ripoti. Pikapu ilinunuliwa na mfanyabiashara wa nyanya, na kila Ijumaa hupita barabara ya Mpondwe ikiwa imejaa. Bright alikaa rumande wiki saba. Alipotoka kwa dhamana alinisalimia kwa heshima zote, akainama kama inavyopasa, na baada ya salamu hakunipa neno lingine.

Kikao kikuu kilifanyika Jumapili ya pili baada ya droo, kanisani, ibada ilipokwisha. Tsongo alisimama na daftari la miraba.

"Mwalimu, utusomee kanuni ya nne. Macho yangu iko mubaya leo."

Nikaisoma kwa sauti, bila kumeza neno.

"Asante. Sasa, nani anataka nyumba ya Mwalimu ifutwe?"

Mkono wa kwanza ulikuwa wa Kosmasi. Ikafuata mingine yote.

"Kwa kosa lipi?" nikauliza. "Nyumba yangu haijakosa filimbi hata moja."

"Umekosa ile kubwa," Tsongo akasema. "Siku ile tulikuwa tunabeba mlima mzima, Mwalimu. Gari ilikuwa imebaki hatua mbili ifike. Ukatoa bega lako, ukaenda kusimama na afande." Wakacheka, si kicheko cha furaha. "Hatukufukuzi kwa hasira. Tunafuata mwandiko wako."

Nilitazama kumbukumbu za kikao. Tarehe ilikuwepo, hesabu ya kura ilikuwepo, taratibu zote zilikuwa zimefuatwa. Nikatia sahihi chini, wala Jumapili zilizofuata sikuomba nyumba yangu irudishwe.

Tulipanga Mackline ashuke Bwera wiki tatu kabla ya siku zake, akae kwa shangazi yake karibu na hospitali. Nguo za mtoto zilikuwa zimefungwa katika kanga. Lakini Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, saa sita mchana, mvua ikinyesha kama iliyokasirishwa, maji yalimwagika miguuni pake jikoni, mwezi mzima kabla ya wakati.

Bright alimpigia simu dereva wa Bwera. Dereva akasema barabara inateleza, angoje mvua ikatike. Mwenye boda boda alikuja, akamtazama Mackline, akageuza pikipiki. Bright akamkimbilia Tsongo, akarudi peke yake, uso umekuwa wa majivu. Basi nikavaa koti langu, nikaenda mwenyewe.

Walikuwa chini ya paa la ghala la kahawa, wanaume kumi na wawili au zaidi, wakijikinga mvua. Machela ilikuwa ndani ya ghala hilo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Tsongo pamoja na filimbi.

"Tsongo," nikasema, "Mackline ameshikwa na uchungu. Unajua mkunga alivyosema."

"Pole, Mwalimu. Kikao ni Jumapili."

"Leo ni Alhamisi."

"Edisa alipewa siku nne. Wewe tunakupa tatu tu. Tumekupunguzia."

Mmoja aliyekuwa ameegemea ukuta akadakia: "Apigie bodi simu! Kule Kampala beko na magari ya vioo!"

"Na sisi tusije tukazidisha," akasema mwingine. "Kibali ni mabega elfu mbili, Mwalimu, na yote yameuzwa!"

Walicheka hadi mmoja akashika tumbo. Nilivua kofia. Nina miaka sabini na tisa, na isipokuwa mbele ya madhabahu sikuwahi kupiga magoti kwa mtu. Nikayapiga pale, kwenye matope, mvua ikinipiga kichwani. Wengi wa watu wale nilikuwa nimewafundisha kuandika majina yao.

Kicheko kilikoma. Hakuna aliyeinuka. Kosmasi ndiye aliyesema, taratibu, bila kunitazama.

"Mimi nilipiga magoti mlangoni kwako, Mwalimu. Ulikuwa unakunywa chai. Hukuweka kikombe chini."

Ilikuwa kweli. Nilijiinua kwa fimbo yangu, nikarudi nyumbani.

Bright alikuwa amekata miti miwili na kufunga blanketi. Tulimlaza Mackline humo. Bright akashika mbele miti yote miwili, mimi nyuma. Kazi ya watu kumi na wawili tuliifanya wawili, na mmoja wa wawili hao alikuwa mzee. Tulipopita kwa Kosmasi, Edisa alitoka nyumbani kwa fimbo zake mbili, amejifunika jani la mgomba. Hakuweza kubeba hata kikombe. Alitembea kando yetu amejikunja, akimwekea Mackline lile jani juu ya uso.

"Asanasio," akaniambia, "inua juu zaidi. Kichwa chake kinashuka."

Niliinua. Alitusindikiza hadi kona ya kwanza, mteremko ukamshinda, akabaki pale akitupigia kelele: "Inua! Inua!"

Kwenye kona ya pili, penye jiwe jeupe, goti langu lilikataa. Sikujikwaa, wala sikusukumwa. Lilikataa tu, na miti ikanitoka mikononi. Mackline alianguka ubavu juu ya mawe. Sikumsikia akilia. Aligeuza uso wake wenye matope akanitafuta kwa macho.

"Babu, umeumia?"

Nikamwambia sikuumia. Bright alijaribu kumwinua na hakuweza. Damu ilikuwa nyingi kuliko mvua. Mtoto hakutoka. Tulimshika mikono, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hadi mikono ile ilipoacha kutushika.

Bright hakulia kwa sauti. Alikaa na kichwa cha mkewe mapajani, akifuta matope kwenye nyusi zake kwa kidole kimoja. Mimi ndimi niliyeita. Nilipaza sauti kuelekea juu mlimani kwamba amekufa.

Basi tukaisikia filimbi.

Walikuja mbio, wote, na machela nzuri ya turubai, hata mvua hawakuijali. Walimlaza vizuri, wakamfunika, wakaweka mabega manne, wanane wakafuata nyuma kwa zamu. Walipanda mlima bila kuteleza hata mara moja, wakibadilishana mabega kwa utaratibu ambao niliwafundisha mimi. Kanuni ya tano inasema: Maiti hubebwa na wote, iwe nyumba imefutwa au haikufutwa. Niliiandika nikidhani ni huruma.

"Pole sana, Mwalimu," Tsongo alisema tulipofika uani, akanipa mkono. Alimaanisha.

Bright alimzika mkewe Jumamosi, na Jumatatu akavuka Lhubiriha. Nasikia anaishi Kasindi, kwa watu wa Wivine, anapakia magunia. Jina la baba yake halitumii tena. Mwezi wa kumi na mbili ililetwa barua kutoka Kampala: kesi imefungwa kwa onyo, makusanyo yatarudishwa kwa walionunua, na chama kinaruhusiwa kuomba kibali kipya mwakani, ambapo kikomo cha tiketi za hisani kimepandishwa hadi elfu tatu. Nilitoa tiketi ya Wivine mfukoni nikaitazama. Mbili, sita, moja, nne. Nikairudisha mahali pake, karibu na kadi ya ubatizo.

Wapo wanaosubiri niseme kwamba nilikosea kusimama siku ile. Sisemi. Serikali iliweka kikomo, tulikijua, tulikitilia sahihi, na mwenye kuvunja ahadi kwa sababu njema atavunja nyingine kwa sababu mbaya. Leo nikiwekwa tena katika uwanja wa Bwera, nitasimama tena. Lakini karatasi ya Kampala haikumuua Mackline. Ilichukua gari na ng'ombe, basi. Kilichomuua ni daftari la miraba lenye mwandiko wangu mzuri, na watu niliowasomesha wakaisoma kanuni yangu neno kwa neno.

Ninyi vijana wa Kyondo, na ninyi hasa mlio wa ukoo wa Kamabu, wekeni simu hizo chini mnisikilize, kwa maana sitarudia. Mkitaka kukusanya kwa ajili ya mgonjwa, kisomeni kibali hadi mstari wa mwisho, mhesabu tiketi zenu mara mbili kabla ya kuuza ya kwanza, wala msimfiche mzee aliyetia sahihi. Hilo moja. La pili: kanuni ya nne nimeipiga mstari kwa wino mwekundu, nikaukata ukurasa, nikautia motoni mbele ya Edisa. Machela sasa iko barazani kwangu na haina kufuli. Filimbi ikilia, asiwepo wa kuniuliza ni nyumba ya nani. Jumamosi hii, saa moja asubuhi, nataka kuona bega moja kutoka kila mlango, tufanye mazoezi ya kushuka hadi jiwe jeupe na kupanda. Atakayechelewa asinipe sababu mimi. Kaburi la Mackline liko nyuma ya jiko, aende akalieleze.